Kabla ya kusema pulsa imeruka, ikague saa yako

Tarehe 12 Desemba 2016, saa nane na dakika thelathini na sita mchana kwa saa za Afrika Mashariki, darubini ya redio ya Mount Pleasant, karibu na Hobart huko Tasmania, ilikuwa ikirekodi pulsa ya Vela pigo kwa pigo. Pigo moja halikuja. Mawili yaliyofuata yalikuja na kasoro. Kisha mapigo yakaendelea kama kawaida, ila sasa yalikuwa yanawahi: kila mzunguko wa nyota, ambao huchukua milisekunde 89 na ushei, ulikuwa umefupika kwa nanosekunde 128.

Hiyo ni sehemu 1.43 kwa milioni. Anayesoma haraka ataona ni kiasi cha kupuuzwa. Kwa pulsa ni jambo kubwa, kwa sababu pulsa haina cha kuisukuma. Ni nyota nyutroni, masalia ya nyota kubwa iliyolipuka: uzito wa jua letu na karibu nusu yake tena, umebanwa ndani ya tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 12 hivi. Miale ya redio hutoka juu ya ncha zake za sumaku na kutupitia kila inapozunguka. Sumaku hiyo hiyo ndiyo breki yake, kwa hiyo mwendo wake unatakiwa kupungua tu, siku baada ya siku, mpaka izimike. Vela huzunguka mara 11.19 kwa sekunde na hupoteza hezi (yaani mizunguko kwa sekunde) 0.00000135 kila siku. Ongezeko hilo la ghafla la mwendo ndilo huitwa mruko, na mruko wa 2016 uliirudishia hezi 0.000016. Kwa maneno mengine, katika muda usiofika hata robo dakika nyota ilifuta breki ya siku 12.

Wengi wanaoeleza miruko ya pulsa hukimbilia tumboni mwa nyota, kwenye vimiminika vya ajabu na magamba yanayopasuka. Huko tutafika. Lakini karibu kila tunachokijua kuhusu tumbo hilo kimetokana na kazi moja ya kuhesabu mizunguko bila kupoteza hata mmoja, na huko ndiko makosa mengi hutokea.

Kinachoonekana kwenye grafu

Hakuna anayeiona nyota ikiongeza kasi. Kinachopimwa ni saa ya kufika kwa pigo. Una kielelezo cha nyota, yaani kasi yake ya mzunguko, kiwango cha breki, mahali ilipo angani na umbali. Kielelezo hicho kinakwambia pigo litafika lini. Toa muda uliotabiriwa kwenye muda halisi, na tofauti inayobaki ndiyo wataalamu huiita mabaki. Kielelezo kikiwa kizuri, mabaki hulala kwenye mstari wa sifuri.

Nyota ikiruka, mstari huo unavunjika na kuanza kuteremka. Kwa Vela ya 2016 mteremko ni maikrosekunde 1.43 kwa kila sekunde. Dakika moja baada ya mruko pigo linawahi kwa maikrosekunde 86. Saa moja baadaye linawahi kwa milisekunde 5.1. Baada ya saa 17 na nusu hivi nyota imetangulia kwa mzunguko mzima.

Mtego uko hapo, maana mapigo hayana namba. Pigo la leo na la kesho yanafanana, na programu itakupa tu tofauti na pigo lililo karibu zaidi na utabiri. Anayeitazama Vela mara moja kwa wiki atakuta, siku saba baada ya mruko kama huu, nyota imetangulia kwa mizunguko 9.7. Grafu yake haitaonyesha hiyo 9. Itaonyesha pigo lililochelewa kwa sehemu 0.3 ya mzunguko, na asiyejihadhari ataandika kwamba nyota imepunguza mwendo!

Dawa yake ni kuisahau hesabu ya zamani na kuipima kasi upya. Chukua data za saa kadhaa za siku moja, upate kasi kutokana na hizo peke yake. Halafu unganisha na siku ya pili, kisha na ya nne, kisha na ya nane, ukipanua pengo kadiri uhakika unavyoongezeka. Kipimo ni hiki: shaka iliyopo kwenye kasi, ukiizidisha kwa urefu wa pengo, isizidi moja ya kumi ya mzunguko. Kuruka pengo la siku moja kunahitaji kasi inayojulikana kwa uhakika wa hezi 0.0000012. Pengo la wiki linahitaji uhakika wa mara saba ya huo. Anayeruka pengo kabla ya kufikia kiwango hicho anabahatisha, na kibaya zaidi, programu haitamkemea. Itampa jibu lenye desimali nyingi tu.

Kutoka kwenye antena hadi saa ya kufika

Kazi ya kwanza ni kurekebisha mtawanyiko. Elektroni zilizosambaa kati yetu na nyota huchelewesha mawimbi, na masafa ya chini huchelewa zaidi. Kipimo cha mtawanyiko cha Vela, yaani wingi wa elektroni zilizo njiani, ni parseki 68 kwa sentimita ya ujazo (parseki ni kipimo cha umbali angani). Ukipokea kati ya megahezi 1300 na 1500, upande wa chini hufika milisekunde 41 baada ya upande wa juu, karibu nusu ya mzunguko. Ukijumlisha tu mawimbi hayo bila kuyapanga, pigo lenye upana wa milisekunde chache linageuka tope. Programu ya DSPSR hufanya marekebisho haya na kuzikunja data, yaani kuzilaza mzunguko juu ya mzunguko ili pigo lijijenge na kelele zifutane. Kipande cha sekunde 10 kina mizunguko 112. Kwa pulsa hafifu utahitaji dakika nyingi kwa kila kipande. Vela ni miongoni mwa pulsa zenye nguvu zaidi angani, ndiyo maana darubini ya mita 26 inaweza kuona pigo moja moja.

Pigo lililokunjwa hulinganishwa na sura sanifu ya pigo la nyota hiyo, kazi ambayo programu ya PSRCHIVE huifanya, ili kupata saa ya kufika pamoja na kiwango cha shaka. Usitafute kilele kwa macho. Pigo la Vela haliko sawa pande zote mbili, na kilele chake hucheza kutoka pigo moja hadi jingine.

Kisha inakuja sehemu ambayo naona haipewi heshima inayostahili, ya kuuondoa mwendo wa dunia. Dunia hulizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na mwendo huo hubadili kasi tunayoipima ya pulsa yoyote kwa hadi sehemu 100 kwa milioni. Vela iko mbali na njia ya jua angani, kwa hiyo inaguswa na nusu tu ya hiyo, lakini nusu hiyo ni mara 35 ya mruko wa 2016. Kujizungusha kwa dunia nako kumo. Mtu aliyesimama Nairobi, karibu kabisa na ikweta, hubebwa kuelekea mashariki kwa mita 465 kwa sekunde, ambayo ni sehemu 1.55 kwa milioni ya mwendo wa mwanga. Kwa nyota iliyo upande wa kusini kama Vela inabaki sehemu 1.1 hivi. Kwa hiyo darubini iliyo Nairobi, ikifuatilia Vela tangu ichomoze hadi itue bila marekebisho, ingeona badiliko la kasi kubwa kuliko mruko wenyewe, kila siku. Ndiyo maana kila saa ya kufika huhamishiwa kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa jua, kwa kutumia majedwali ya sayari yanayotolewa na JPL, maabara ya NASA, na mahali halisi pa antena. Antena ikiandikwa mahali pasipo pake, au nyota ikipewa mahali pa makosa, mabaki huchora wimbi la siku au la mwaka, na kipande cha wimbi la mwaka ukikitazama kwa miezi miwili hufanana mno na mruko mdogo.

(Kwa anayetaka kujua pa kuangalia: katikati ya Machi, saa tatu usiku, Vela iko kusini kabisa, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini ukiwa Nairobi, juu kidogo zaidi ukiwa Dar es Salaam. Iko kwenye kundinyota la Tanga, upande wa mashariki wa Suheli. Kwa macho hutaiona, maana kwenye mwanga wa kawaida ni hafifu hata kwa darubini kubwa.)

Baada ya hapo ndipo programu za kulinganisha kielelezo na saa za kufika, TEMPO2 au PINT, huingia. Kielelezo cha mruko huandikwa kwa vigezo vichache: GLEP ni wakati wa mruko, GLPH ni kuhama kwa awamu (yaani mahali nyota ilipofika ndani ya mzunguko wake), GLF0 ni ongezeko la kasi linalobaki, GLF1 ni badiliko la breki, na GLF0D pamoja na GLTD ni ongezeko linalofifia na muda wake wa kufifia. Usivifungue vyote kwa pamoja. Anza na GLF0 na GLPH, uone mabaki yamekuwaje, kisha ongeza GLF1. Ongezeko linalofifia liingize mwisho, na tu ikiwa mabaki yanaonyesha upinde ulio wazi. GLEP na GLPH ni ndugu wasioachana: kuhama kwa wakati wa mruko na kuhama kwa awamu huleta picha ile ile. Wengi huilazimisha awamu iwe sifuri na kutafuta wakati ambapo mistari miwili inakutana. Ni njia nzuri ikiwa pengo la data ni dogo. Pengo likiwa siku 10, kwa mruko wa ukubwa huu mistari hukutana kila baada ya saa 17 na nusu, kwa hiyo unapata majibu 13 au 14 na yote ni sahihi kihesabu. Hapo andika tu tarehe ya katikati ya pengo na shaka ya siku tano kila upande. Ni afadhali kuliko kuchagua jibu moja kwa sababu linapendeza.

Saa nazo huruka

Sasa tuseme grafu imevunjika na kuteremka. Je, ni nyota au ni saa yako?

Saa ya kituo ikiruka, kwa mfano baada ya umeme kukatika, mabaki hupanda ngazi moja na kuendelea sambamba na awali. Mruko wa nyota huleta mteremko. Tofauti hiyo ni rahisi. Tabu ni saa inayokwenda mbio au kuchelewa kidogo kidogo, kwa sababu hiyo nayo huleta mteremko. Kristali ya kwatzi iliyo ndani ya kompyuta au kipokezi cha bei nafuu hukosea kwa sehemu moja hadi makumi kadhaa kwa milioni, na hubadilika chumba kikipata joto. Angalia ukubwa huo: ni ule ule wa mruko wa Vela. Kufungua dirisha la chumba cha vyombo kunaweza kukuletea ugunduzi. Vituo vikubwa hutumia saa za atomi za haidrojeni zinazolinganishwa na GPS. Wapenzi wa fani huko Australia, ambao wameipokea Vela kwa antena za Yagi kwenye megahezi 430 na ushei na kuuona mruko wa Februari 2019, wanategemea vipokezi vinavyoongozwa na saa ya GPS, na bila hiyo wasingekuwa na la kusema. Katika masafa hayo Vela ina nguvu karibu mara tano ya ilivyo kwenye megahezi 1400, ndiyo sababu antena ndogo inatosha. Saa mbovu haisamehewi kwenye masafa yoyote.

Jaribio la uhakika ni shahidi wa pili. Elekeza darubini hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, kwenye pulsa tulivu. Kwa upande wa kusini J0437−4715 inafaa sana: inazunguka mara 174 kwa sekunde na ni thabiti kupita kiasi. Ikiwa nayo "imeruka" kwa sehemu ile ile kwa milioni, nenda kwenye rafu ya saa.

Kuna pia sekunde ya nyongeza. Moja iliwekwa mwishoni mwa 31 Desemba 2016, siku 19 tu baada ya mruko tunaouzungumzia. Programu iliyobeba orodha ya zamani ya sekunde hizo huhamisha mapigo yote kwa sekunde nzima, ambayo kwa Vela ni mizunguko 11 na karibu moja ya tano. Mizunguko 11 haionekani. Moja ya tano inabaki kwenye grafu ikikusubiri, na ukiwa tayari unatafuta jinsi mwendo wa nyota unavyorudi kuelekea ule wa awali baada ya mruko, utaifasiri kama sehemu ya kurudi huko.

Pulsa changa nazo zina kutangatanga kwake: mwendo huyumba polepole kwa miezi bila sababu ya wazi. Kwa miruko mikubwa hilo si tatizo. Kwa ile ya sehemu moja kwa bilioni, mpaka kati ya mruko na kuyumba haujachorwa na mtu, na binafsi nasita kuamini mruko mdogo ambao haukuja na ongezeko la breki pamoja na ongezeko la kasi.

Miruko ya kwanza iliaminiwa kwa sababu ya mashahidi wawili. Vela iligunduliwa 1968 kwa darubini ya Molonglo huko Australia. Kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 1969 iliruka kwa sehemu 2 hivi kwa milioni. Radhakrishnan na Manchester waliiona kutoka Parkes, Australia. Reichley na Downs waliiona kutoka Goldstone, California. Taarifa zote mbili zilitoka kwenye toleo moja la jarida la Nature. Saa mbili kwenye mabara mawili haziwezi kukosea kwa namna moja.

Tetemeko lisilotosha

Wazo la kwanza lilikuwa tetemeko. Nyota inayozunguka huwa bapa kidogo, imevimba kwenye ikweta yake. Ikipunguza mwendo inataka kuwa duara zaidi, lakini gamba lake ni gumu, linakaidi mpaka linapasuka. Uvimbe ukishuka, nyota huongeza mwendo. Mwanafizikia Ruderman alilipendekeza hilo mwaka ule ule wa 1969.

Lipime kwa namba. Kwa mwendo wake wa sasa, ubapa wa Vela ni kama sehemu 50 kwa milioni, na hubadilika kwa mraba wa mwendo. Kwa siku 1000 nyota hupoteza sehemu 120 kwa milioni za mwendo wake, kwa hiyo ubapa unaotakiwa kupungua ni sehemu 240 kwa milioni za zile 50 kwa milioni. Inakuja sehemu moja hivi kwa milioni 100. Hata gamba likiachia mkazo wote huo kwa mpigo, mruko hauwezi kuzidi kiasi hicho sana. Vela huruka kwa sehemu moja hadi tatu kwa milioni, kila baada ya miaka mitatu hivi. Tetemeko linapungukiwa kwa zaidi ya mara mia moja. Linaweza kuwa kiberiti, lakini si kuni.

Kuni zimo ndani. Gamba la nyota nyutroni lina unene wa kilomita moja hivi. Ukishuka ndani yake hadi msongamano upite gramu bilioni 430 kwa sentimita ya ujazo, nyutroni huanza kuvuja kutoka kwenye viini vya atomi na kujaza nafasi iliyo kati yao. Humo mna joto la nyuzi milioni 100 hivi, na kwa nyutroni zilizobanwa namna hiyo hiyo ni baridi. Hujifunga mbili mbili na kuwa kimiminika kisicho na mnato hata chembe. Kimiminika cha aina hii hakiwezi kuzunguka kama maji kwenye ndoo. Mzunguko wake wote hubebwa na vizingia vyembamba, yaani vimbunga vidogo sana, kila kimoja kikiwa na kipimo kilekile cha mzunguko, hakuna nusu wala robo. Vela ina vizingia 70,000 katika kila sentimita ya mraba, vikiachana kwa sehemu nne za mia za milimita. Ili kimiminika kipunguze mwendo, sharti vizingia visogee nje na vipungue.

Ila haviruhusiwi. Anderson na Itoh walieleza mwaka 1975 kwamba vizingia hunasa kwenye viini vya atomi vya gamba. Breki ya sumaku inakamata gamba, gamba linapunguza mwendo, na kimiminika kilichonaswa vizingia vyake kinaendelea na kasi ya zamani, kama abiria waliosimama kwenye daladala dereva anapokanyaga breki. Tofauti ya mwendo ikikua, nguvu inayovisukuma vizingia kuelekea nje inakua nayo. Siku moja vingi vinachomoka kwa pamoja, kimiminika kinapoteza mwendo kidogo, na gamba linaupata.

Hapa hesabu ya mizunguko inalipa. Kwa siku 1000 gamba hupoteza hezi 0.00135. Kimiminika kilichonaswa kabisa kingekuwa na ziada hiyo yote. Mruko wa kawaida wa sehemu 2 kwa milioni unarudisha hezi 0.0000224. Gawanya: asilimia 1.7. Hiyo ndiyo sehemu ya inesha ya nyota (ukaidi wake wa kubadili mwendo wa mzunguko) ambayo lazima iwe kwenye ghala la kimiminika. Link, Epstein na Lattimer, waliolifanya kwa umakini zaidi mwaka 1999, walipata angalau asilimia 1.4. Kimiminika cha gamba kinaweza kubeba kiasi hicho, na kwa zaidi ya miaka kumi watu walilala usingizi.

Kati ya 2012 na 2013 hesabu hiyo ikavurugwa. Andersson na wenzake, na Chamel kwa upande wake, walionyesha kwamba nyutroni za gambani hazielei huru hivyo. Mpangilio wa viini huzikokota, kiasi kwamba ghala linalohitajika linakuwa kubwa mara kadhaa, na gamba peke yake halitoshi. Ama sehemu ya kiini cha nyota inashiriki, ama gamba ni nene kuliko ilivyodhaniwa, ama mkokoto huo umekadiriwa kupita kiasi. Mimi naegemea upande wa kiini kushiriki, kwa sababu ya yale yaliyoonekana Hobart.

Sekunde chache za 2016

Kabla ya hapo kila mruko wa Vela uliofuatiliwa vizuri ulikuwa umepunguza kikomo cha muda ambao kupanda kwa kasi kunaweza kuchukua. Ule wa mkesha wa Krismasi 1988, ulioangaliwa kutoka Hobart na Hartebeesthoek, Afrika Kusini, ulionyesha kupanda kwa chini ya dakika mbili. Ule wa Januari 2000 ukaleta kikomo cha sekunde 40. Hobart iko kusini kiasi kwamba Vela hubaki juu ya upeo kwa sehemu kubwa ya siku, na mtafiti Palfreyman aliamua kuitumia darubini ya mita 26 kuifuata saa 19 hivi kwa siku, akihifadhi kila pigo. Taarifa yake ya 2018 ndiyo iliyotupa lile pigo lililokosekana. Vela haina tabia ya kukosa mapigo. Kasoro ya yale mawili yaliyofuata ilikuwa hii: mawimbi ya Vela kwa kawaida hutetema karibu yote kwenye uelekeo mmoja, na ya mapigo hayo mawili hayakuwa hivyo. Maana yake, kwa sekunde chache mazingira ya sumaku yaliyo juu ya nyota yalitikiswa na kitu kilichotoka chini. Tetemeko ambalo halikutosha kuwa kuni likarudi kwa heshima kama kiberiti.

Ashton, Lasky, Graber na Palfreyman walizichambua upya data hizo mwaka 2019. Kupanda kwa kasi kulichukua chini ya sekunde 12.6. Kasi ilipita kiwango chake cha mwisho, kisha ikarudi. Kulikuwa pia na dalili kwamba nyota ilipunguza mwendo kidogo kabla tu ya kuruka. Kupita kiwango kisha kurudi ni alama ya sehemu tatu zinazopeana mwendo, si mbili: ghala linatoa, gamba linapokea, na kitu cha tatu kilicho kizito, ambacho kinaweza kuwa kiini, kinachelewa kidogo kujiunga na kulivuta gamba nyuma. Hatua za kurudi zinazofuata ni ndefu zaidi. Baada ya mruko wa 2000 zilipimwa za dakika moja hivi, nusu siku, siku tatu na siku 19. Anayekusanya data mara moja kwa wiki anaiona hiyo ya mwisho tu.

Pulsa nyingine hazifuati mwendo wa Vela. Ile ya Nebula ya Kaa, iliyozaliwa na mlipuko ulioonekana 1054, huruka mara nyingi kwa sehemu chache kwa bilioni. Mruko wake mkubwa kuliko yote, wa Novemba 2017, ulifikia karibu nusu ya sehemu moja kwa milioni, na sehemu ya kupanda kwake ilichukua zaidi ya siku nzima badala ya sekunde. J0537−6910, iliyo kwenye galaksi jirani ya Wingu Kubwa la Magellan, huzunguka mara 62 kwa sekunde na kuruka kila baada ya siku 100 hivi, tena kwa utaratibu unaotabirika: mruko ukiwa mkubwa, subira ya unaofuata inakuwa ndefu. Hiyo inatuambia vizingia vyake huchomoka vinapofikia kikomo kilekile kila mara. Mapigo yake hupokewa kwa mionzi ya X, ambayo hewa yetu huizuia, kwa hiyo kazi hiyo imefanywa na setilaiti ya RXTE na baadaye NICER iliyo kwenye kituo cha anga cha kimataifa. (Setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa mionzi ya X ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyotuonyesha nyota nyutroni ya Centaurus X-3 ikipiga kila baada ya sekunde 4.8.)

Kisha kuna 1E 2259+586, nyota ya sumaku kali sana inayozunguka mara moja kwa sekunde 7. Mnamo Aprili 2012 ilipunguza mwendo ghafla kwa sehemu 0.3 hivi kwa milioni. Nadharia ya ghala la ndani lenye ziada ya mwendo haiwezi kueleza hilo kirahisi, kwa hiyo wengine wametafuta sababu nje ya nyota, kama upepo wa chembe uliotoka na kuchukua mwendo. Archibald na wenzake, walioliripoti 2013 kwa data za setilaiti ya Swift, walikuta kwamba kupunguza mwendo huko hakukutosha peke yake kueleza miezi iliyofuata. Tukio la pili lilihitajika. Vipimo vilipishana kwa siku kadhaa, na kwa mapengo hayo maelezo mawili yalikubalika sawasawa: nyota ilipunguza mwendo kisha baadaye ikaongeza, au ilipunguza mara mbili.